Jibu: Matcha kushika madonge kwenye oti za kulaza

Mkuu, umeuliza kwa nini ukitia matcha (unga wa chai ya kijani) kwenye oti za kulaza, yaani oti zinazolowekwa kwenye maziwa usiku kucha, asubuhi unakuta madonge ya kijani na uchungu. Oti hazina kosa. Matcha haiyeyuki kama sukari. Ni majani ya chai yaliyosagwa, ukiyamwaga kwenye maziwa baridi yanashikana. Chekecha matcha, kipimo cha kijiko kimoja cha chai, tia maji ya moto kidogo (yakiwa yanachemka uchungu unazidi), piga haraka hadi povu litande na usione unga mkavu pembeni. Ndipo uchanganye na nusu kikombe cha oti bapa, maziwa kiasi hichohicho na mtindi kidogo. Funika, weka kwenye friji usiku kucha. Zile oti za kuiva haraka achana nazo, zinalainika mno. Asali tia asubuhi, ukishaonja.