Jibu: Karani mzee na kishikwambi kipya

Mkuu, umeuliza kama AMCOS yenu ya Tandahimba, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, imwondoe karani aliyeitumikia miaka 19 kwa kuwa hajui kutumia kishikwambi, nafasi apewe kijana aliyetoka chuo. Msithubutu, angalau si kabla ya msimu.

Nilikuwa kwenye bodi ya chama kimoja wilaya ya Nachingwea. Tukamleta kijana, mkali kweli wa kompyuta. Wiki ya kwanza tu mkulima akaleta gunia, korosho za juu kavu, za katikati zina unyevu. Kijana akapima, akaingiza kilo, akatoa risiti. Karani wetu mzee angezamisha mkono mpaka kiwiko, akazitikisa kiganjani, akasikiliza, akamrudisha mtu akaanike. Ghala kuu walizikataa, gharama ikawa yetu.

Mabadiliko hayakwepeki, hilo sibishi. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani kwa risiti kisha kuziuza mnadani, ilipoanza 2007 tulinung'unika hivi hivi, na tangu msimu wa 2024/25 minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania.

Tumieni miezi ya kupulizia mikorosho salfa, kabla ya msimu. Wakae meza moja: kijana aingize, mzee akague, kesho yake wabadilishane. Daftari msilitupe msimu wa kwanza. Likipishana na kishikwambi, mtatafuta kosa jioni hiyo hiyo, kabla mkulima hajatinga ofisini na maneno yake.

Na huyo kijana mpeni mkataba wa maandishi. Mkimlipa posho za kubahatisha, Desemba magunia yamejaa yeye yuko Dar.