Mavyaa bado anafuma soksi za mguu wa zamani

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, nina miaka 41, naishi Minneapolis, Marekani. Mume wangu alikuwa Mfini wa Kuopio. Tuna watoto wawili, mvulana wa miaka 12 na msichana wa miaka 7. Enzi za uhai wake, kila baada ya mwaka mmoja tulikwenda kwao wakati wa kiangazi, tukakaa mwezi mzima kwenye kibanda chao kando ya ziwa. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Tukamzika kwao, mwezi wa Novemba, na tangu hapo hatujarudi.*

*Mavyaa yuko peke yake, ana miaka 76. Hajui Kiingereza, na Kifini changu ni cha kuombea chumvi. Kila Krismasi hututumia chokoleti na soksi za sufu alizofuma mwenyewe, ingawa siku hizi haziwatoshi watoto. Nataka kuwarudisha, lakini mvulana amekataa katakata: "Mimi si Mfini, siendi." Mama yangu naye anasema nauli ya watu watatu ingeezeka nyumba, na mume akishafariki ukwe umekwisha. Nilijaribu kuwapeleka kwenye sherehe ya Wafini wa huku. Mama mmoja akaniuliza kama nimekosea mlango. Nilitabasamu, nikala keki, nikaondoka.*

*Shangazi, je, napoteza pesa kufufua kitu ambacho hata si changu?*

*Mjane wa Kuopio*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, maana naona hapo ulipo watu wameshaacha kukupa pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno ambalo wewe umelipita mbio: Novemba. Niliwahi kuishi Tampere, mji wa hukohuko Ufini, miaka miwili, na Novemba ya huko naijua. Majani yameshaanguka, theluji bado haijakaa, na saa tisa na nusu alasiri unawasha taa. Wafini wenyewe mwezi huo wanauita *marraskuu*, na hilo neno *marras* asili yake ni mambo ya kifo. Sasa mtoto wa miaka tisa amepelekwa huko, amesimama kwenye matope na koti la kuazima, akaona baba yake anashushwa. Halafu mkapanda ndege. Ufini yake iliishia pale. Ile ya ziwa na boti ya makasia imefunikwa na hii.

Kwa hiyo anapokwambia "mimi si Mfini", usimjibu kwa hoja za damu na asili. Mimi nadhani hakatai nchi, anakataa njia ya makaburini. Muulize. Usimkalishe mezani kama mshitakiwa. Muulize mkiwa ndani ya gari, nyote mnatazama mbele, mikono yako ina kazi. Watoto wa umri huo husema ya kweli wasipotazamwa usoni. Kisha mwahidi jambo moja na ulitimize: mkifika Kuopio, siku ya kwenda kwa baba ataichagua yeye, na akiamua mara hii haendi, haendi. Wewe na mdogo wake mtakwenda.

Kuhusu mama yako, na nisimkosee adabu mtu mzima, hapa amekosea hesabu. Kwako wewe pengine mavyaa anaweza kuitwa mavyaa wa zamani, ingawa mimi hata hilo silikubali. Lakini bibi wa zamani hakuna. Watoto wale wana mabibi wawili, mmoja Lushoto, mmoja Kuopio, na huyu wa Kuopio hana mtoto wa kumletea habari tena. Ana wajukuu tu. Mwambie mama hivi: zamani tulikwenda Ufini mwaka mmoja, mwaka unaofuata hatuendi. Sasa huo mwaka usio wa Ufini utakuwa wa Lushoto. Nauli igawanywe kwa zamu. Sidhani kama atabisha sana, mara nyingi hasira ya nauli ni hasira ya "na sisi je?".

Sasa safari yenyewe. Usiipange kama utalii. Msianze na Helsinki siku nne za kupiga picha, wala msipande hadi Rovaniemi kumtafuta Baba Krismasi mwezi wa saba. Shukeni uwanja wa ndege, pandeni treni ya Kuopio, zaidi ya saa nne tu, mfike kwa bibi. Mkae palepale kwenye kibanda, wiki tatu au nne, bila kwenda popote pa maana. Nchi ile ina vibanda vya mapumziko zaidi ya 500,000, na mwezi Julai miji hunyamaza kwa sababu watu wamekwenda kukaa huko bila kufanya chochote cha kusimulia. Ndiyo utamaduni wenyewe huo. Ukiutafuta kwenye makumbusho utaupata, ila umekaushwa.

Na waswahili tulishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mvulana wako apewe jembe lake. Bibi wa miaka 76 anaishi na kuni: zinapasuliwa, zinapangwa ukutani kwa mistari, gome juu, zikauke kwa ajili ya sauna. Apange yeye. Ateke maji ziwani ndoo kwa ndoo. Binti apewe kopo akachume *mustikka*, zile beri za buluu zinazopaka ulimi wino. Msituni huko mtu yeyote anaruhusiwa kuchuma, hata kama msitu ni wa jirani, hata kama mtu ametoka Lushoto. Jioni wamtazame bibi anavyopara samaki, wajifunze na majina ya vitu mkononi: kisu, ndoo, kuni, moto. Mtoto hajifunzi lugha ya bibi kwa kufundishwa, anajifunza kwa kutumwa.

Sauna usiwaondolee. Najua wanawake wa kwetu tunavyoona haya. Mimi Tampere nilipelekwa Rajaportti, sauna ya umma ya tangu 1906, kule Pispala, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Niliingia nimejifunga kanga kifuani kama naenda kuogesha mtoto. Hakuna aliyenisema, hakuna aliyenitazama. Bibi mmoja alisogea akanipa nafasi benchi la juu, akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukanipiga masikioni, na dakika ya tatu kanga niliitandika nikaikalia. Tulikaa kimya labda robo saa. Tulipotoka nje kupoa, yule bibi alinipa nusu ya soseji yake. Hatujawahi kuzungumza, na hadi leo namhesabu kuwa rafiki yangu.

Nakusimulia hayo kwa sababu ya Kifini chako cha kuombea chumvi. Unaogopa wiki nne za kukaa na mavyaa bila maneno. Kwetu ukimya sebuleni ni ugomvi, mtu anaanza kujiuliza amekosa nini. Kwao ukimya ni kiti, unakaa. Mavyaa asipokusemesha asubuhi nzima huku akikuongezea kahawa, hajanuna. Na kama, kwa kuwa wewe ni wa Lushoto, umekulia Ulutheri, Jumapili mfuate kanisani. Tuni nyingi mtazikuta ni zilezile za nyumbani. Imba kwa Kiswahili chako. Atageuka kukutazama, nakuhakikishia.

Nije kwa yule mama wa "umekosea mlango". Alikosa adabu, na sikwambii umwelewe. Lakini hukupaswa kumwachia ukumbi. Siku nyingine jibu lako ni fupi: mimi ni mjane wa Mfini wa Kuopio, hawa ni wanawe. Halafu usikae mezani kusubiri keki kama mgeni wa heshima, hapo ndipo watu wanapopata nafasi ya kukukagua. Nenda jikoni. Kila sherehe ya Wafini ina jiko lenye wazee wachache wenye migongo mibovu, na unga wa *pulla*, mkate wao mtamu, unaosubiri mikono. Unajua *pulla* inanukia nini? Iliki. Ileile unayoitwanga ukapika maandazi. Wao huiponda kwa chengachenga, uione kwenye mkate. Kanda unga, sokota misuko mitatu kama unamsuka binti yako, na kufika trei ya pili hakuna atakayekuuliza habari za mlango. Akikuuliza tena, basi hao si watu wako, tafuta wengine. Minnesota, jimbo lako hilo, haina uhaba wa Wafini.

Ila watoto waelezwe mapema kwamba Ufini ya Minnesota si ya bibi. Wafini wa huko wengi babu zao walifika kati ya miaka ya 1870 na 1920, wakaingia kwenye machimbo ya chuma na misitu ya kaskazini. Walichobeba ni Ufini ya wakati ule, na wameitunza kwenye chumvi. Wanafanana na wale ndugu zetu wa Maskati waliotoka Unguja: ukiwasikiliza unasikia Kiswahili cha mabibi zetu, na mapishi ambayo Unguja yenyewe siku hizi inanunua dukani. Wengine wamezua na vya kwao. Machi 16 utaona watu wamevaa zambarau na kijani wanamsherehekea Mtakatifu Urho, eti aliwafukuza panzi kwenye mizabibu ya Ufini. Mtakatifu huyo alibuniwa hapohapo Minnesota miaka ya 1950, tena kwa mzaha. Mumeo pengine angecheka hadi akae chini. Wapeleke watoto wacheke nao. Kujua kipi ni cha bibi na kipi ni cha Minnesota, huo tayari ni ujuzi.

Kuna FinnFest, tamasha lililoanza Minneapolis mwaka 1983, na kuanzia 2023 limekuwa likifanyika Duluth, kama kilomita 250 kutoka kwako. Mwaka ambao hamwendi Kuopio, nendeni huko. Februari kuna Laskiainen, sherehe ya majira ya baridi, kule Palo, hapohapo Minnesota, watoto wanateleza kwa sleji na kuna *vipukelkka*, sleji iliyofungwa kwenye mti mrefu unaozungushwa juu ya barafu. Huyo wa miaka saba atakusumbua mwaka mzima mrudi. Karibu na Bemidji kuna kambi ya kiangazi ya lugha iitwayo Salolampi, mtoto anakaa, anakula na kuogelea kwa Kifini. Ada yake si ndogo, uliza kuhusu ufadhili kabla hujakata tamaa. Usiyafanye yote. Chagua moja la kiangazi na moja la baridi, na mwende hilohilo kila mwaka, hadi watu waanze kuwaambia watoto "mmekua".

Jambo la karatasi, nalipitisha haraka. Kama mlikuwa mmefunga ndoa walipozaliwa, wanao ni raia wa Ufini tangu kuzaliwa, na nchi hiyo inaruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu 2003. Lakini mwenye uraia mwingine, aliyekulia nje, akitimiza miaka 22 bila kuonyesha uhusiano na nchi, anaupoteza. Dawa ni nyepesi: akishafika 18 na kabla ya 22 aombe pasipoti ya Ufini au aandikie ubalozi kwamba anataka kubaki raia. Mvulana leo anasema yeye si Mfini. Sawa, ana miaka 12. Wewe mwekee mlango wazi hadi 18, aufunge mwenyewe akitaka.

Umeniuliza kama unafufua kitu kisicho chako. Mkesha wa Krismasi Wafini huenda makaburini na mishumaa, theluji yote inawaka. Makaburi mengi huko yana mahali maalumu pa kuwasha mshumaa kwa ajili ya marehemu aliyezikwa mbali. Wewe una theluji Minneapolis. Washa mmoja uani, na huyo mvulana mwachie kiberiti.

Na hizo soksi. Umeziandika kama jambo dogo, zimekuwa ndogo basi. Mwanangu, mavyaa hajakosea vipimo. Anafuma mguu aliouona mara ya mwisho, na hakuna aliyemwambia umeongezeka. Leo jioni chukua karatasi mbili, wasimamishe watoto juu yake bila viatu, uchore kila mguu kwa penseli. Andika jina na umri ndani ya unyayo, na chini yake neno moja tu la Kifini, *heinäkuussa*, yaani mwezi wa saba. Tia kwenye bahasha, kesho ipeleke posta kabla hujafikiria nauli.