Hicho kidonge usikinunue kabla daktari bingwa wa damu hajakuona

Dada wa Malindi, nimesoma uzi wako mara mbili. Damu iliganda mguuni baada ya mimba ya pili kuharibika, umeambiwa ni antifosfolipidi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huifanya damu igande ovyo, na uko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Unauliza daktari bingwa umpate wapi, gharama zikoje, ule nini, na kama utapata mtoto. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukaandika kuwa muuza dawa amekushauri uhamie rivaroksabani, kidonge kipya zaidi cha kazi hiyo hiyo, "upumzike na kupimwapimwa". Hapo nikaacha kupika, nikakaa kitako nikuandikie.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021.

Mimi niko Lamu, Langoni. Kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda ukiwa kwenye warfarini, kwangu ilikuwa boti hadi Mokowe, basi hadi Malindi, kulala kwa mama mdogo, kurudi kesho yake. Yote hayo kwa namba moja: ikiwa kati ya 2 na 3 narudi na furaha yangu, ikiwa 1.6 naongezewa dawa na kuitwa tena. Nilichoka, dada. Bwana mmoja wa duka la dawa akaniona na kitabu changu cha warfarini, akasema, "Bi, hiyo ni dawa ya zamani. Siku hizi watu wanakunywa hiki na hawapimwi chochote." Hakuniuliza damu yangu iliganda kwa sababu gani. Hakutaka kuona karatasi hata moja. Nikatoa pesa, nikarudi nyumbani nikimwombea dua.

Haikutimia miezi minne. Asubuhi moja nasukuma mahamri, kifimbo kikanitoka mkono wa kulia kikabingirika mpaka mlangoni. Nikainama kukiokota, vidole havikushika. Nikamwita binti yangu, jina lake likatoka nusu. Akacheka, akidhani namchezea, kisha akauona mdomo umekwenda upande. Karai la mafuta lilikuwa linachemka, mimi nalitazama, na neno "zima" siwezi kulitamka.

Kiharusi, na umri wangu miaka 34. Kusema nimerudi kusema. Mkono umerudi lakini si wote: vifungo vidogo vya nguo hadi leo nafungiwa na yule yule binti.

Daktari bingwa wa damu nilimpata Nairobi, ndiko waliko wengi wao. Kabla hajaugusa mkono wangu aliuliza, "Vile vipimo vitatu vilitokaje?" Sikujua hata kama ni vitatu. Ni vya damu, vya kutafuta kingamwili zinazoleta ugonjwa huu: lupus antikoagulanti, kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glaikoproteini. Vyote vitatu vilikuwa vimeonyesha ninao, vimeandikwa kwenye karatasi niliyokuwa naibeba mkobani tangu zamani. Akanieleza kuwa huko Italia watafiti walichukua wagonjwa 120 wa namna yangu, wenye vyote vitatu: 59 wakapewa rivaroksabani, 61 warfarini. Ilibidi wausimamishe utafiti kabla ya wakati wake. Katika wale 59, wanne walipata kiharusi na watatu shambulio la moyo. Upande wa warfarini, damu haikumganda hata mmoja. Hayo yalichapishwa 2018, na 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa onyo wagonjwa wa aina hii wasipewe.

Sasa hesabu mwenyewe. 2019 onyo limetoka, 2021 mtu amesimama nyuma ya kaunta ananiambia dawa yangu ni ya zamani! Hili linaniuma kuliko mkono. Halikuwa siri. Kile kidonge kina watu wengi kinaowafaa, wale walioganda damu kwa sababu nyingine, sikatai. Lakini kuuza dawa ni amana, na anayekubadilishia dawa ya damu bila kuuliza una ugonjwa gani ameivunja amana hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza bingwa ni nani, usiangalie ukubwa wa jengo. Msikilize anauliza nini. Akiuliza vipimo vitatu, na akauliza kama vilirudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, huyo anaujua ugonjwa wako. Kingamwili hizi huweza kuzuka baada ya maambukizi kisha zikapotea, ndiyo maana kipimo cha mara moja hakitoshi. Pia mwambie mapema uko kwenye dawa gani, maana dawa za kuzuia damu kuganda huvuruga kile cha lupus antikoagulanti. Asiyeuliza haya, usimpe ruhusa ya kukubadilishia dawa, hata awe na koti jeupe kiasi gani.

Na usishangae ukipelekwa kwa daktari wa maradhi ya viungo na lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, badala ya wa damu. Graham Hughes wa London, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1983, alikuwa daktari wa upande huo.

Jambo jingine, huenda limekupata nawe: mimi kliniki ya wajawazito waliniambia nina kaswende. Nikadungwa sindano, mume wangu akapimwa hana, na wiki mbili chakula changu hakukigusa. Kumbe kile kipimo cha kaswende, VDRL, kinatumia kadiolipini, mafuta yale yale yanayoshambuliwa na kingamwili zetu, nazo hukidanganya. Kuna kipimo cha kuthibitisha, TPHA, na hakuna aliyenitajia. Kama umewahi kuambiwa hivyo, mwambie daktari, ni dalili hiyo.

Mtoto inshallah utapata, wako waliozaa kwa sindano za heparini na aspirini ndogo. Ila warfarini humdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na rivaroksabani nayo si ya mjamzito. Basi usishike mimba kabla bingwa na daktari wa uzazi hawajakupangia. Na warfarini usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe, ukiiacha ghafla ndiyo damu inapopata nafasi.

Umeandika kesho unapita pale dukani. Usipite. Warfarini zimekubakia za siku ngapi? Nijibu leo, na uifungue ile karatasi ya maabara uniambie vipimo vimeandikwa vingapi.