Kwa mleta uzi uliyepewa vijana wapya: mimi kulea watu kazini nilijifunzia kwenye uchoraji wa Tingatinga

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Umepandishwa cheo, umekabidhiwa vijana, na sasa unatoka ofisini usiku kwa sababu kila ripoti wanayokuletea unaishia kuiandika upya mwenyewe. Unauliza usome kitabu gani au uende semina gani ili ujue kuwafundisha. Wadau hapo juu wameshakutajia semina, sina ugomvi nazo. Mimi nitakujibu kwa mlango mwingine. Nasimamia maafisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Dar, na karibu kila ninachofanya nikiwa na kijana mpya nimekitoa kwenye kupaka rangi. Jumamosi huwa nakaa kwa fundi mmoja wa Tingatinga maeneo ya Msasani, najifunza. Siuzi picha, ni starehe yangu tu. Wengine wana mpira, mimi nina twiga.

Kwa wasioifahamu vizuri: staili hii aliianzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora hapa Dar kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani alichora miaka kama minne tu. Lakini ndani ya muda huo alikuwa ameshakaa na ndugu na vijana wa kwao, wanamsaidia kazi huku wanajifunza, na hao ndio waliowafundisha wengine mpaka ushirika ukasajiliwa mwaka 1990 pale Morogoro Stores, Oysterbay. Hakukuwa na chuo wala cheti. Watu wengi wanavutiwa na wale chui na ndege. Mimi kinachonishangaza hadi leo ni hiyo namna kazi ilivyopita kutoka mkono hadi mkono bila kufa na mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Rangi inayotumika ni ile ya mafuta ya kung'aa, ya kopo, wanayopaka watu kwenye mageti. Haikauki upesi. Unapaka rangi ya chini, unaacha. Kesho yake unaweka umbo la mnyama, unaacha tena. Halafu ndiyo yanakuja manyoya, madoa, macho. Mwanafunzi akipinda mstari wa shingo ya twiga, mkono unamwasha aunyooshe pale pale. Akigusa tu, nyeusi inaingia kwenye njano, inakuwa tope. Akichukua kitambaa afute, tope linatanuka hadi kwenye mbuga. Lakini akivumilia mpaka ikauke, anapita juu na rangi nyingine, na kwa kuwa rangi ile ni nzito, hutajua kama kulikuwa na mstari mwingine chini yake. Fundi wangu akiona mtu ananyoosha kidole kwenye ubao mbichi husema neno moja tu: "Acha." Halafu anaendelea na ya kwake.

Mkuu, wasimamizi wengi tunarekebisha rangi mbichi. Kijana yuko mbele ya mteja, ameuliza swali vibaya, bosi anamrukia na kulichukua swali. Mteja anaanza kumwangalia bosi, kijana anakuwa mbeba fomu, na kuanzia siku hiyo kila anapokwenda na bosi atanyamaza amsubiri aongee.

Nikupe mfano. Nilikwenda na binti mmoja mpya kumtembelea mama lishe aliyeomba kuongezewa mkopo. Binti kafungua fomu, kauliza moja kwa moja: "Mama, una madeni mengine?" Wewe na mimi tunajua jibu la swali hilo. Hakuna mtu anayetaka mkopo atakayekwambia ana kausha damu huko pembeni, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani. Mama akajibu hana. Mimi nilikuwa na swali langu mdomoni, nikalimeza na chai. Binti akaandika "hana", akatulia kidogo, akaangalia sufuria zilivyopangwa, nadhani hakujua aendelee na nini. Akauliza, kama mazungumzo tu: "Jana jioni ulivyofunga, hela uligawaje?" Mama akaanza kuhesabu kwa vidole: ya mchele, ya mkaa, ya mchezo, ya nauli ya mtoto, "na ya yule kijana anayepita kila jioni." Binti akainua kichwa. Huyo kijana wa kila jioni ndiye deni tulilokuwa tunalitafuta.

Ningemsemea, angeondoka na swali langu na baada ya wiki angelisahau. Hilo la kwake analo mpaka leo, na nasikia analiuliza vizuri kuliko mimi. Tulipofika ofisini, akiwa ameshakunywa maji na ametulia, ndipo tukakaa tukazungumzia swali la kwanza kwa nini halikuleta kitu. Hapo rangi ilikuwa imekauka.

Kitu cha pili ni kwamba yule fundi hashiki brashi yako. Ana ubao wake pembeni. Akitaka kukuonyesha kitu anakichora kwenye ubao wake, wewe unaangalia, unarudi kwenye wako. Na hakwambii kosa liko wapi. Atasimama nyuma yako, mikono mgongoni, aulize: "Huyu ndege anaangalia nini?" Unaangalia vizuri, unaona kweli, jicho limekaa juu mno, ndege anaangalia mbingu wakati samaki yuko chini. Kosa ukilibaini kwa jicho lako, siku nyingine huhitaji mtu wa kukuonyesha. Kwa maafisa wangu siandiki tena maoni mekundu kwenye ripoti. Nauliza: "Hii biashara inapata hela siku gani ya wiki?" Kama jibu halimo kwenye ripoti, mwenyewe anaondoka nayo kimya kimya.

Kuna pia suala la kazi ya kweli. Mwanafunzi wa Tingatinga mara nyingi anaanza kwa kupaka rangi ya chini na kuweka vidoa kwenye picha ya fundi, picha itakayoingia sokoni. Ni kazi ndogo, lakini ikiharibika inaonekana. Ofisi nyingi kijana mpya anapewa mafaili ya zamani "ajifunzie", na yeye anajua wazi hakuna atakayeyasoma, basi anayapitia kama anayefukuza nzi. Mimi kijana mpya nampa kikundi kimoja kidogo, marejesho yake yote ya wiki ayafuate yeye, na mwenyekiti wa kikundi ana namba yake, si yangu.

Kuhusu kuiga: wapo wanaoibeza Tingatinga kwamba wachoraji wananakiliana. Waache. Anayeanza lazima aige tembo wa fundi mara nyingi mpaka mkono uzoee, tembo wake mwenyewe atakuja baadaye. Kijana wa wiki ya kwanza usimwambie awe mbunifu, unamtesa. Mpe ripoti yako nzuri, aifuate mstari kwa mstari.

Na hili wengi hawalitaji: hobi inakurudisha darasani. Ukishafanya kazi moja miaka mingi unasahau kabisa kwamba iliwahi kuwa ngumu. Unamwona kijana amekodolea macho jedwali la marejesho unashangaa haoni nini. Mimi Jumamosi ndiye mwanafunzi, pembeni yangu kuna kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza anayechora mguu wa flamingo kwa pumzi moja, na mimi wangu unatetemeka. Jumatatu nikiingia kazini naongea polepole zaidi.

Ila nisikudanganye, kuna mahali mambo ya brashi hayanisaidii. Picha ikiharibika, umepoteza ubao na rangi kidogo. Mkopo ukitoka kwa mtu asiyeweza kulipa, kuna nyumba itaondolewa friji na televisheni mbele ya watoto. Kwa hiyo palipo na hela inayotoka, au usalama wa mtu, mimi naingilia hata rangi ikiwa mbichi, na nawaambia vijana mapema kabisa kwamba sahihi ya mwisho ni yangu. Wewe hujasema kazi yenu ni ya namna gani. Kama ni hospitali au umeme, mstari wako utakuwa karibu zaidi kuliko wangu. Chora huo mstari siku ya kwanza, kijana aujue, ili siku ukiingilia asione amedhalilishwa.

Umesema pia huna muda, na hapo sikukubalii, maana muda wa kuandika ripoti za watu wengine usiku unao. Anza na yule wa ripoti ya wiki uliyesema anakuchosha kuliko wote. Ijumaa usiifungue kwenye kompyuta yako. Vuta kiti ukae pembeni yake, kwenye meza yake, mausi abaki nayo yeye, na wewe mikono yako ishike kikombe. Mwombe akusomee ripoti kwa sauti kuanzia juu. Atasimama mwenyewe kabla hajafika ukurasa wa pili.