Wateja wa masaji wanasikia baridi: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, umesema umefungua chumba cha masaji hapa Arusha, na tangu Juni iingie wateja wanalala wamejikunja na wengine hawarudi. Kuna aliyekushauri uingize jiko la mkaa mpaka chumba kipate moto. Nimefanya kazi ya kuchua miaka tisa humu humu mjini, nianze na hilo: usithubutu. Mkaa ulioiva hautoi moshi, ndiyo maana watu wanauamini, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mteja wako amelala kifudifudi, macho kafumba, mlango umefungwa. Akilegea, utajuaje kama ni raha au ni sumu? Watu wamelala na jiko ndani wasiamke. Nunua hita ya umeme, uiwashe nusu saa kabla.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupima joto la chumba kwa mwili wangu. Mimi nasukuma na kukandamiza, jasho linanitoka. Yeye katulia, ngozi iko wazi, na damu imesogea karibu na ngozi kwa kule kuchuliwa, kwa hiyo joto linamtoka upesi. Kipimo changu sasa ni kichupa cha mafuta ya nazi, nakiacha usiku kucha pembeni ya kitanda. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nikiyakuta meupe, mteja haingii mpaka hita ifanye kazi yake. Julai huku kwetu utayakuta meupe karibu kila asubuhi.

La pili, usitegemee mteja akwambie. Mwaka wangu wa kwanza nilimchua mama mmoja, nikamuuliza, "Unasikia baridi?" Akajibu, "Hapana mwanangu, niko sawa." Hakurudi. Baadaye jirani yake akanieleza kwamba mama alisifu mikono yangu, ila alitoka pale mifupa inamuuma kwa baridi. Iliniuma sana. Watu wetu hawapendi kumsumbua mwenyeji, na mtu akishalala kwenye kitanda chako anajihesabu mgeni. Siku hizi nauliza, "Nikuongezee blanketi au hili linatosha?" Hapo anachagua tu, halalamiki. Na macho yangu yanatafuta dalili: vinyweleo vimesimama, mabega yanapanda kuelekea masikioni, vidole vya miguu ukivishika ni barafu.

Miguu ndiyo ninayoanza nayo. Ikiwa ya baridi, mgongo utauchua saa nzima usilegee. Naweka chupa ya mpira ya maji ya moto, nimeizungushia taulo, karibu na nyayo. Lakini kwanza namuuliza kama ana kisukari au ganzi miguuni, kwa sababu mguu wenye ganzi unaweza kuungua mwenyewe asijue. Huyo namvalisha soksi nzito, basi.

Kuhusu kufunika: kanga moja haitoshi. Tandika shuka la pamba, juu yake blanketi, ufunue sehemu unayoichua tu, na ukimaliza uifunike kabla ya kufunua nyingine. Pindo lichomeke chini ya paja lake. Hapa joto na stara ni kitu kimoja. Mteja anayehofia shuka litateleza hukaza mwili sawasawa na anayetetemeka, na wengi wao, hasa akina mama wanaokuja mara ya kwanza, hofu hiyo wanayo.

Mafuta weka chupa yake ndani ya bakuli la maji ya moto, yajaribu kwenye kifundo cha mkono wako kwa ndani, kisha mimina kiganjani mwako, kamwe si moja kwa moja mgongoni kwake. Taulo za kufutia nazikamua zikiwa za moto nazipanga kwenye hotipoti ya chakula niliyoitenga kwa kazi hiyo. Hata umeme ukikatika zinabaki za moto. Ila taulo bichi likishapita, ngozi inapoa haraka mno, kwa hiyo fuata papo hapo na taulo kavu, halafu funika.

Si kila mtu anataka joto, lakini. Wapandaji wanaoshuka Kilimanjaro wengine shingo zimebabuliwa na jua, na akina mama wa umri wa kukoma hedhi wanaweza kuliondoa blanketi ghafla. Waachie.

Ukimaliza usimwinue haraka. Mimi nguo zake nazitundika kitini upande wa hita, mbali kiasi zisishike moto, ili anapovaa zisimrudishie baridi niliyomtoa.