Namphake: anzia kwenye monasteri

Dada, umeuliza kama kijiji cha Watai-Phake (jamii ndogo ya Kitai yenye lugha na maandishi yake) kule Assam, India, kinamfaa mtu anayependa maandishi ya kale. Kinamfaa sana! Namphake kiko karibu na Naharkatia, kando ya mto Buri Dihing, na nyumba za asili zimeinuliwa juu ya nguzo. Anzia kwenye monasteri ya Kibudha, maana hati zao zinatunzwa huko. Vua viatu, funika mabega, msalimie mtawa, ndipo uombe kuziona. Usiguse kabla ya kuruhusiwa. Kurasa kuukuu huchanika upesi. Mwombe mzee akusomee mstari mmoja taratibu, nawe ufuatishe kwa macho zile herufi za mviringo. Ndugu zao Waahom, jamii nyingine ya Kitai huko Assam, hawazungumzi tena Kiahom majumbani, ila Watai-Phake bado wanazungumza lugha yao, kwa hiyo nakusihi usiende mbiombio. Lala hapo hata usiku mmoja.