Land Rover 109 inavuja oili: kabla hujashusha gia boksi soma hapa

Mkuu, umeeleza kwamba 109 yako ya petroli inadondosha oili pale injini inapoungana na gia boksi, fundi wa hapo Urambo kasema ni sili ya nyuma ya kranki (kizuizi cha oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma) na anataka laki nane za ufundi, spea juu yako. Unauliza ulipe au uuze. Mimi nasema usilipe na usiuze kwanza. Fundi huenda yuko sahihi, ila ile sili ndiyo ya mwisho kushukiwa, maana kuifikia ni kulivua gari nusu.

Mimi ninayo Land Rover Series III ya 1978, niko nayo hapa Tabora, na kazi za tumbaku zimeichakaza kisawasawa. Nayo iliwahi kuhukumiwa hivyo hivyo. Kabla ya kufungua chochote ingia chini ya gari utafute tundu dogo chini ya hauzingi ya flaiwili, yaani kasha la lile gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi. Waliliweka makusudi ili oili inayopenya isijikusanye ndani. Lina nati yake maalumu ya kuziba unapovuka maji, ukishavuka unaitoa. Sasa huko kwenu masika mbuga zikijaa watu huifunga, halafu inasahaulika humo hadi mwaka mwingine. Oili inajaa, inafika kwenye klachi, klachi inaanza kuteleza mlimani, na hapo bili inakuwa nyingine kabisa. Kama ipo, itoe leo.

Kinachotoka kwenye tundu hilo kipake kidoleni unuse. Oili ya gia, ile namba 90, ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Ukiisikia hiyo, sili ya kranki haihusiki kabisa. Tatizo ni shafti ya gia boksi inayoingia kwenye klachi. Kama haina harufu hiyo na ni nyeusi, basi ni ya injini, lakini bado hujajua imetokea wapi, kwa sababu oili huteremka na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Ikivuja juu kabisa kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, itapita mgongoni mwa injini na kudondokea pale pale fundi anapopaonyesha kidole.

Kwa hiyo osha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha nyunyizia poda ya mtoto nyuma ya hedi, kwenye vifuniko vya ubavuni mwa bloki, kuzunguka filta na swichi ya presha ya oili. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, ingia na tochi. Mstari mweusi kwenye poda utakuonyesha njia. Usiku tandika kartoni chini ya injini. Kwangu mstari ulianzia kona ya nyuma ya tapeti kava. Gasketi ilikuwa imekauka kama chapati ya jana, na aliyeifunga alikuwa amezikaza zile nati tatu za juu mpaka kava limepinda. Nililinyoosha juu ya kioo, nikaweka gasketi mpya bila kuipaka gundi nyekundu ambayo mafundi wetu wanaipenda kupita kiasi. Ile gundi ikizidi, vipande vinamenyekea ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Lingine ambalo hapa kwetu linapuuzwa ni pumzi ya injini. Kifuniko cha kujazia oili kina wavu wa waya ndani, na vumbi letu la kiangazi likichanganyika na mvuke wa oili linauziba kabisa. Presha ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye kila sili, hata nzima. Loweka kifuniko kwenye petroli, upulize, urudishe. Hiyo ni kazi ya bure. Ukiwa hapo angalia na filta: zile za bakuli zina ringi ya mpira ndani ya mfereji, na kuna watu wanaweka ringi mpya juu ya ya zamani. Haiwezi kuacha kuvuja.

Sasa tuseme umefanya yote na bado ni sili. Hapo laki nane siyo wizi. Sakafu inatoka, boksi la viti linatoka na bolti zake zilizoshika kutu, gia boksi inanyanyuliwa kwa cheni na kupitishwa mlangoni (kwetu chini ya mwembe), halafu klachi, flaiwili, hauzingi yake, na sampu (bakuli la oili chini ya injini). Mwambie fundi vyote vinavyofikika vibadilishwe kwa mkupuo: pleti ya klachi, beringi yake, na sili ya mbele ya gia boksi. Ufundi huo haulipwi mara mbili kwa hiari. Zile sili za herufi T pembeni mwa kepu ya beringi ya nyuma ya kranki zisikatwe sawasawa na chuma. Zichomoze kidogo, chini ya milimita moja, la sivyo utaanza upya.

Spea agiza Dar zije na basi, ila taja namba ya injini kwanza. Mwaka 1980 injini hizi zilitoka kwenye kranki ya beringi tatu zikaenda tano, na muuzaji wa dukani atakupa chochote alichonacho.

Matone machache kwenye kartoni asubuhi mimi nayavumilia. Injini inabeba karibu lita saba ukihesabu filta, na kuongeza kidogo mara moja moja ni nafuu kuliko kushusha gia boksi. Klachi ikianza kuteleza au oili kwenye kijiti cha kupimia ikishuka kwa safari moja ya Kaliua, hapo shusha.

Tupia picha ya kartoni na ya hilo tundu, na utuambie pua imesemaje.